Mchumaji Huonja Kwanza

Yunisi alijua kwamba siku ile nilikuwa nimefunga. Alijua kwa kuwa yeye ndiye aliyenipangia zamu ya kufunga. Alipoulizwa mbele ya mtaa mzima, akasema hajui. Kwa neno hilo nikawa mwanamke aliyemuua Kabula kwa uyoga. Nimelitaja kwanza ili msomaji asidhani nalilia umaskini. Umaskini ni wangu tangu zamani na sijamdai mtu.

Mimi ni Ferista, mzaliwa wa Iyula. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni kichwani huku wenzangu wakiimba hesabu ndani. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja kunionyesha mpaka wa shamba lao, na mpaka huo ukapita nyuma ya choo changu. Mibuni yote ikawa upande wao. Nikamfunga mwanangu Jofrey mgongoni nikaja Tunduma, kwa sababu watu walisema mji wa mpakani haulali njaa. Si kweli. Unalala njaa kama miji mingine, ila kwa kelele zaidi.

Kilichotuokoa ni mambo ya mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Mama alinifundisha majani kabla sijajua kufunga khanga. Nilipofika mjini nikaona kwamba majani yamenitangulia. Mchicha pori ulikuwa umejaa kwenye viwanja vilivyojengwa msingi na kuachwa. Mgagani ulisimama kando ya reli. Mnavu uliota nyuma ya nyumba za wapangaji, mahali maji ya kuogea yanapomwagwa. Mlenda ulitambaa kwenye vifusi, na mashona nguo, ambayo watu waliyalaani kwa kuwashika suruali, yalikuwa na machipukizi laini ya kupika. Nilichuma asubuhi kabla ya vumbi la malori. Penye mafuta ya gari sikuchuma, wala penye madereva wanaojisaidia. Niliyachemsha kwa magadi ya majivu ya maganda ya maharage, kama tulivyofanya nyumbani, na yaliyobaki nikayaanika juu ya bati. Jofrey alikua kwa majani hayo, na leo ni utingo wa malori ya kwenda Kongo. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni elimu. Ilikuwa ni kula tu.

Masika yakija nilikwenda kwenye vichuguu vya pembeni ya mji, upande wa Mpemba, kutafuta uyoga. Uyoga wa kichuguu ni mkubwa, mweupe, na una mkia mrefu unaoshuka mpaka ndani kwa mchwa. Wanawake wa Nakonde, upande wa Zambia, walivuka mpaka kuja kuununua kwangu. "Mulishani, bamayo," walinisalimu kwa lugha yao, hujambo mama, wakachukua wote.

Uyoga una sheria, na mama alinipa sheria tatu. Usikate, fukua, ili uone mguu wake. Wenye mkia ni chakula; wenye kikombe chini, kama yai lililopasuka, ni kifo, hata kama juu umefanana na ndugu yake. Usichanganye kikapu chako na cha mwingine. Ukichanganyika, mwaga wote. Na ya tatu, mchumaji huonja kwanza. Ukipika uyoga wako ukampa mtu, wewe ndiye unayetia tonge la kwanza mdomoni, watu wakikuona. Si kwamba sumu hujulikana papo hapo. Haijulikani, inakaa tumboni kimya kama mgeni mwenye nia mbaya. Kuonja ni kiapo. Mtu anayejua kwamba atakula wa kwanza hachumi kwa uzembe.

Mwaka mmoja malori yalikwama mpakani kwa muda mrefu na biashara ndogo ndogo za wanawake zikalala. Yunisi alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani kwetu, mke wa mwenye duka la vipuri, mwanamke wa sauti nzuri na viatu safi. Alinifuata baada ya ibada.

"Dada Ferista, wenzako wanakopa unga. Wewe unaishije?"

"Nachuma, mama mwenyekiti."

"Unachuma wapi hapa mjini?"

"Hapo uliposimama," nikamwambia. Alikuwa amekanyaga mchicha.

Akacheka, akasogeza kiatu. Baada ya hapo akaanzisha mafunzo ya kujitegemea, nami nikawa mwalimu. Niliwapeleka akina mama kando ya reli na viwanjani, nikawaonyesha cha kuchuma na cha kuacha, jinsi ya kuchuja magadi, jinsi ya kukausha mboga isioze, jinsi ya kupanda mnavu kwenye gunia mlangoni. Waliniita Mwalimu. Mimi, ambaye sijui kuandika zaidi ya jina langu. Sitaficha kwamba lilinipendeza.

Kati yao alikuwepo Kabula, msichana aliyeolewa juzijuzi, Msukuma wa kule bondeni Momba. Yeye na mumewe Jilala walikuja mjini baada ya ng'ombe wao kufa kwa ukame, na Jilala akawa anasukuma mkokoteni wa mizigo. Kabula alikuwa na mtoto mdogo wa kike, Justina, na ulimi usiolala.

"Mama Jofrey, huku kwenu hata mawe mnakula?"

"Yakilainika tutakula."

"Mimi mlenda na mgagani naujua tangu kwetu. Lakini uyoga! Kwetu uyoga tunawaachia ng'ombe."

"Ndiyo maana ng'ombe wenu wamekufa," nikamtania, na yeye ndiye aliyecheka zaidi ya wote, akaegemea bega langu. Siku alipoonja uyoga wa kichuguu kwa mara ya kwanza alinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akasema, "Mama, hii ni nyama inayoogopa kuitwa nyama." Tangu siku hiyo hakuniacha. Jilala naye aliniita mama. Alinibebea maji kwa mkokoteni wake bila kuombwa.

Brenda, binti wa Yunisi, naye alikuja kwenye mafunzo, amemaliza kidato cha sita na anangoja chuo. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa msafi mno. Alichuma kwa kisu kidogo cha jikoni, akikata mashina juu juu ili udongo usiingie kwenye mfuko wake. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Brenda, fukua."

"Mama, si tutaosha mara kumi?"

"Hufukui kwa ajili ya kuosha. Unafukua ili uone."

Akaitika vizuri. Watoto waliosoma wanajua kuitika.

Mwanzo wa mwaka kanisani kwetu kuna mfungo wa zamu. Kila siku mtu mmoja hufunga kwa niaba ya wote, bila chakula wala maji mpaka jioni, na hasemi kwa mtu. Mwenyekiti peke yake ndiye anayejua leo ni zamu ya nani. Mwaka ule Yunisi akapanga pia sherehe ya kufunga mafunzo nyumbani kwake, na kuwaalika akina mama wageni kutoka Vwawa. Siku aliyoichagua ikawa ndiyo ya zamu yangu. Nilimwendea.

"Mama mwenyekiti, siku hiyo nimefunga, na nitapika uyoga. Sitaweza kuonja. Nibadilishie zamu."

"Zamu ya Mungu haibadilishwi kwa ajili ya uyoga, dada."

"Basi tusipike uyoga. Tupike mgagani."

"Wageni wanatoka Vwawa nikawape mgagani?" Akaniwekea mkono begani. "Wewe funga kimya, usiwe kama Mafarisayo. Watu wakiuliza, niachie mimi."

Nikamwachia.

Siku ya sherehe nilifika na kikapu changu nilichokichuma mwenyewe, kila uyoga na mkia wake. Nikauosha, nikautia chunguni na karanga. Kisha nikaenda upande wa pili wa uwanja kuchuja magadi kwa ajili ya mboga nyingine. Niliporudi, chungu kilikuwa kimejaa kuliko nilivyokiacha. Nilidhani uyoga umefura kwa maji. Uyoga haufuri hivyo, mimi najua, lakini sikwenda kwa Yunisi ili nimshuku mtu jikoni mwake.

Wageni wakakaa, sahani zikapita. Kabula, kama kawaida yake, akapaza sauti:

"Mwalimu, mbona huonji? Si ulisema mchumaji huonja kwanza?"

Watu wakanigeukia. Nikamtazama Yunisi, kwa kuwa alisema nimwachie. Naye akatabasamu, akapiga makofi mepesi.

"Muacheni mwalimu wenu. Ameonja jikoni mpaka ameshiba!"

Watu wakacheka. Mimi nikainama. Nilidhani ananisitiri, na nadhani hata yeye siku ile alidhani ananisitiri. Wakala. Wengi walichukua kidogo, maana palikuwa na kuku. Kabula hakumtazama kuku. Alikula uyoga, akaongeza, na mwisho akavuta chungu kwake akafuta masalia kwa kidole, akisema kwao mke mdogo ndiye mwenye haki ya chungu.

Alfajiri Brenda aligonga mlango wangu. Alikuwa amevaa kandambili za watu wawili, moja nyekundu na moja ya bluu, huku analia.

"Mama Jofrey, wageni wanatapika. Na mimi... jana niliona uyoga wako hautawatosha wageni. Nilikuwa na wa kwangu kwenye mfuko. Nikaongeza."

"Uliuchuma wapi?"

"Kule kwenye miti, nyuma ya makaburi. Ulikuwa mweupe kama wako."

"Uliufukua?"

Akaanza kulia upya. "Niliukata, mama. Ulikuwa msafi sana."

Nilimshika mkono tukakimbia mpaka makaburini. Vile visiki alivyoviacha vilikuwa bado ardhini. Nikafukua kimoja kwa vidole vyangu, nikamwonyesha kikombe. Akakaa chini kwenye umande.

"Nenda kamwambie mama yako sasa hivi," nikamwambia, "ili awaambie madaktari. Mimi nakwenda kwa Kabula."

Wageni walitapika, wakaharisha, wakapona. Kabula naye alipata nafuu hospitalini, akakaa kitandani akanitania tena. "Mama, hii nyama yako imekumbuka kwamba ni nyama, imenipiga pembe." Tukafurahi. Ndivyo uyoga ule ulivyo, hukupa nafuu ya uongo. Kisha macho yake yakawa ya njano, akaanza kuzungumza na watu wa kwao ambao hawakuwepo, akafa. Jilala alikuwa nje anambembeleza mtoto. Mimi ndiye niliyetoka kumwambia. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama." Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuniita hivyo kwa wema.

Baada ya mazishi mwenyekiti wa mtaa, mzee Hezron, aliita mkutano kwenye uwanja wa mtaa. Maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka. Polisi walikuwa wamenihoji wakaniachia. Mtaa haukuwa na nia ya kuniachia. Brenda hakuwepo. Mama yake alikuwa amempandisha basi kwenda kwa baba yake mdogo mbali, eti chuo kimemwita mapema.

"Mama Jofrey," mzee Hezron akaanza, kwa adabu, "uyoga uliupika wewe?"

"Niliupika mimi. Lakini Brenda aliongeza wa kwake. Alikuja mwenyewe kuniambia."

Pakawa na mguno. Yunisi, aliyekuwa mbele na khanga nyeusi, akasema polepole, "Mwanangu hayupo hapa kujitetea. Naomba asisingiziwe na mtu mzima."

"Na wewe uliula?" mzee Hezron akaendelea.

"Sikuula."

"Nasikia sheria yako ni kwamba mchumaji huonja kwanza."

"Nilikuwa nimefunga. Ilikuwa zamu yangu ya kanisani."

Mwanamke mmoja kutoka nyuma akadakia, "Jamani! Si tuliambiwa ameonja jikoni akashiba? Sasa alishiba au alifunga? Au alionja kabla hajatia dawa yake?"

Mnaona jinsi kicheko cha siku ile kilivyogeuka kitanzi. Mzee Hezron akainua mkono, akauliza:

"Nani anajua kwamba mama huyu alikuwa amefunga?"

Sikuhitaji kujibu. Umoja mzima wa wanawake ulimgeukia Yunisi, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba mwenyekiti peke yake ndiye anayejua zamu. Yunisi akakunja pindo la khanga yake, akalikunjua.

"Mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake," akasema. "Mimi siwezi kusema nisilolijua."

Kule Iyula tuna lugha yetu, na huku tunazungumza Kiswahili cha kuazima. Lakini hata kwa lugha ya kuazima nilisikia kwamba kuna kufunga kwa aina mbili. Mimi nilifunga kula. Yeye akafunga mdomo. Wangu ulikwisha jioni ile ile.

Jilala akasimama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nilikuita mama," akasema. "Kabula alikuuliza mbele ya watu kwa nini huonji. Alikuuliza, nawe ukainama."

Ni kweli. Niliinama.

Tangu hapo nikaitwa mama wa sumu. Wanawake wa Nakonde wakaacha kuja. Walisikia, maana mpaka huzuia mizigo lakini hauzuii maneno. Nikiweka mboga barabarani, watoto hupita wakijishika tumbo na kujiangusha, kisha wanakimbia wakicheka. Nimehamia nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Nachuma, nakausha, nakula peke yangu, na kila chungu naonja kwanza, ingawa hakuna anayengoja tonge la pili.

Mafunzo hayakufa. Yunisi anayaendesha mwenyewe sasa. Juzi nilipita nyuma ya ukuta wa kanisa nikamsikia akiwafundisha akina mama wapya: usikate, fukua, usichanganye, mchumaji huonja kwanza. Maneno ya mama yangu, kwa sauti yake nzuri. Hata magadi ya maganda ya maharage aliyataja. Nilisimama pale nikiwa na kikapu mpaka wakaanza kuimba.

Ningeweza kuendelea hivi mpaka nife. Lakini wiki chache zilizopita nilisikia kwamba Jilala anahama. Nduguze wamepata malisho mbali, kule Katavi, na analo lori la kumchukua yeye na Justina. Nikaona kwamba akiondoka sasa, ataondoka na hadithi ile ile, na mtoto atakua nayo. Nikaenda kwa Yunisi, mara ya kwanza tangu mkutano, na miaka imepita. Alinikaribisha kitini. Hata soda alileta.

"Yunisi," nikamwambia, na mama mwenyekiti sikumwita, "Jilala anaondoka. Nenda kamwambie neno moja tu. Brenda sitamtaja, amekwisha kuolewa, namwacha. Sema tu kwamba ulijua nimefunga."

Akatazama mlango kama kuna mtu anasikiliza.

"Dada Ferista, nikisema hilo, watauliza kwa nini nilinyamaza. Kisha watauliza nilikuwa namficha nani."

"Ndiyo."

"Ana watoto wadogo Brenda."

"Kabula alikuwa na mtoto mdogo."

Akaanza kulia. Analia vizuri, kama anavyoimba. "Mungu anajua, dada yangu. Mungu anajua kwamba huna hatia. Hiyo haitoshi?"

"Mungu hanunui mboga zangu," nikasema, "wala hapandi lori na Jilala kesho."

Soda niliiacha mezani na kizibo chake.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Lori lilikuwa limesimama kando ya barabara kuu, magodoro juu, mkokoteni umefungwa nyuma. Justina amekuwa mkubwa sasa, ana meno ya mama yake yaliyoachana mbele. Nilikuwa nimebeba kifurushi cha mgagani uliokaushwa, ule Kabula alioupenda kwa kuwa aliujua tangu kwao.

"Ni wa njiani," nikasema. "Mgagani tu. Mtoto ajue mboga ya mama yake."

Jilala alikitazama kile kifurushi. Kisha akasema, bila hasira, "Onja."

Nikafungua. Nikachukua majani makavu kwa vidole, nikatia mdomoni mbele yake, nikatafuna. Ni machungu yakiwa makavu. Nikameza bila maji, nikafungua mdomo kama mtoto anayekaguliwa na muuguzi, ili aone. Justina akacheka, akanyoosha mkono kuchukua na yeye.

Jilala akaushika ule mkono. Hakuuvuta kwa nguvu. Aliushika tu, akaurudisha.

"Tunachelewa," akasema. Akampandisha mtoto, akapanda na yeye. Lori likaingia barabarani, likashika njia ya Katavi. Nilibaki na kifurushi.

Simdai Jilala kitu. Mtu aliyedanganywa hadaiwi. Shemeji zangu wanaweza kubaki na mibuni yao, imekwisha kuzeeka. Anayedaiwa ni Yunisi, na anachodaiwa ni maneno haya: Nilijua Ferista amefunga, mimi ndiye niliyempangia, na mimi ndiye niliyesema ameshiba. Mahali pa kuyasemea ni uwanja wa mtaa, pale pale, mchana, mzee Hezron akiwepo. Kisha apande basi aende Katavi, ayarudie mbele ya Jilala, mtoto akisikiliza. Hajayasema.